Nyeusi Tii: Sababu za Mchoro Mmoja Kutoka na Weusi wa Namna Nyingi

Msimu wa korosho unapofunguliwa mnamo mwezi wa Oktoba, na minada ya vyama vya ushirika ikaanza kuwarejeshea wakulima wa Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, jasho lao, wapiga chapa wa miji hiyo miwili huwa hawana wasaa hata wa kunywa chai kwa utulivu. Maana kadi za michango ya harusi, fulana za mahafali, mabango ya maduka mapya na nembo za timu za mpira, zote hutakikana katika majuma yale yale machache, na kila mteja huja na mchoro wake mwenyewe ndani ya simu, akitaraji kuuona umetoka juu ya karatasi au kitambaa vile vile anavyouona kiooni. Katika michoro hiyo rangi nyeusi ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, kwa kuwa herufi ni zake, mistari ni yake, na vivuli ni vyake; na ajabu ni kwamba rangi hiyo, ambayo aghalabu watu huidhania kuwa sahali kuliko zote, ndiyo izushayo hoja nyingi baina ya mteja na fundi.

Hoja yenyewe huanza hivi. Mteja hupokea fulana zake, huchomoa moja ya juu na moja ya chini, huzipeleka mlangoni penye nuru, kisha huuliza: "Fundi, mbona hii nyeusi na hii ina majivujivu?" Fundi hujibu: "Zote nyeusi, mama, wino ni mmoja, kopo ni moja." Na wote wawili husema kweli. Wino ni mmoja, weusi ni wa aina mbili, na hakuna aliyemdhulumu mwenzake kwa makusudi. Rai yangu, ambayo sioni sababu ya kuificha mpaka mwisho, ni kwamba weusi uliokolea na usiobadilika haupatikani kwa kumwaga wino mwingi, kama wengi wanavyodhani, bali kwa kuamua mapema ni weusi gani unaotakiwa, na kuushika huo huo tangu faili hadi kitambaa.

Tuanze na asili ya jambo. Wino mweusi wa kupigia chapa, tangu zama za kale hata leo, shina lake ni masizi: mafuta au gesi huunguzwa pasipo hewa ya kutosha, moshi mzito hukusanywa, na unga laini unaobaki huchanganywa na kitu cha kuushikiza. Wanazuoni walioandika kwa kalamu za matete katika nchi za Kiislamu waliushikiza kwa gundi na maji. Mpiga chapa Gutenberg, huko Mainz nchini Ujerumani mnamo mwaka 1455 hivi, alitumia mafuta yaliyopikwa, tena wino wake ulikuwa na chembe za shaba na risasi, na kurasa za Biblia yake zingali nyeusi hata hii leo. Na tona iliyomo katika printa ya steshenari yoyote ya Masasi ni masizi yale yale yaliyofungwa ndani ya plastiki iliyosagwa, ambayo huyeyushwa juu ya karatasi kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi.

Lakini masizi peke yake si weusi. Weusi ni nuru isiyorudi. Nuru ikiangukia karatasi nyeupe nzuri, zaidi ya sehemu 80 katika 100 hurudi machoni petu. Karatasi ya kung'aa iliyopigwa wino mweusi kwa ufundi hurudisha sehemu 2 hivi. Na karatasi ya gazeti, yenye vinyweleo na yenye kufyonza, hata ikipigwa wino ule ule hurudisha sehemu 8 au 9. Tofauti ya 2 na 9 yaonekana ndogo katika hesabu, lakini jicho la binadamu hutambua tofauti katika rangi za giza kwa ukali zaidi kuliko katika rangi za mwanga, na mteja asiyejua lolote katika elimu ya nuru ataiona dhahiri na kuiita kwa jina lake: majivu.

Watu wa nyanda hizi hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali, maana mpingo umo katika misitu yao. Atazamaye mchonga vinyago akifanya kazi ataona kwamba gogo likiisha kuvuliwa ganda lake jeupe na kufikiwa moyo, ule moyo haung'ai weusi mara moja. Ukiwa umekwaruzwa na patasi huonekana wa kahawia iliyochoka, au wa kijivu penye vumbi la msasa, na ni baada ya kusuguliwa kwa msasa laini na kupakwa nta ndipo unapokuwa mweusi tii. Hakuna rangi iliyoongezwa. Kilichobadilika ni uso wa mti: uso wenye mikwaruzo hutawanya nuru pande zote, na sehemu ya nuru hiyo humfikia mtazamaji popote asimamapo, ilhali uso laini huirudisha upande mmoja tu na kuziacha pande nyingine gizani. (Na wale wanaochukua mti mweupe wakaupaka rangi ya viatu ili wauze kwa jina la mpingo wanajua nusu ya elimu hii, lakini nusu ile isiyo na baraka.) Ndiyo sababu kazi moja, iliyopigwa kwa mashine moja, hutoka nyeusi juu ya karatasi ya picha na kutoka kijivu juu ya karatasi ya kawaida, na mwenye kutaka weusi mmoja juu ya vitu viwili tofauti, kadi ya kung'aa na bahasha ya kaki, anatafuta muhali.

Kuna ushahidi mwingine wa hapa hapa, nao ni wa kale zaidi kuliko printa. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi kisha Newala kuchunguza maisha ya Wamakonde, Wayao na Wamakua, na miongoni mwa mambo aliyoyaandika na kuyapiga picha ni chale za nyuso na miili. Mafundi wa chale wa Kimakonde walichanja ngozi kwa kisu kidogo, kisha wakasugua ndani ya mikato masizi yatokanayo na mbegu za mbarika. Sasa tazama mambo mawili. La kwanza, masizi ni meusi, lakini chale iliyopona huonekana ya buluu iliyokoza, kwa sababu weusi umelala chini ya ngozi na nuru hupita katika tabaka la juu kwanza kabla haijaufikia. Yaani weusi hubadilika kwa kilicho juu yake na kilicho chini yake, wala hausimami peke yake. La pili, fundi hakuridhika na safari moja: mikato iliachwa ipone, kisha ikarudiwa mahali pale pale, hata mchoro ukakolea. Hakuchanja kwa kina zaidi ili amalize siku moja, maana angeharibu ngozi na mstari ungetapakaa. Aliongeza tabaka juu ya tabaka, kwa kungoja. Mpiga chapa wa fulana atakayeyaelewa mambo hayo mawili atakuwa amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya kazi yake.

Kwani tuseme kweli, fulana ndiyo kazi yenye lawama nyingi. Fundi hukaza kitambaa chenye matundu madogo juu ya fremu, huziba mahali pasipotakiwa wino, hulaza fremu juu ya fulana na kuuvuta wino kwa ubao wa mpira ili upenye. Fundi mwenye haraka, au mwenye kuogopa kwamba weusi hautatosha, hukandamiza ubao kwa nguvu zake zote, akidhani kwamba nguvu itaongeza wino. Kinyume chake, nguvu huusukuma wino uzame ndani ya pamba, na juu hubaki nyuzi nyeupe zilizochomoza kama ndevu za siku mbili. Fulana ikitazamwa ikiwa mbichi huridhisha, kwa sababu wino mbichi unang'aa. Ikikauka, na hususan ikifuliwa mara moja au mbili, nyuzi zile husimama na weusi hugeuka majivu. Dawa ni ile ya fundi wa chale. Wino upigwe kwa mkono mwepesi na ulio sawa, ukaushwe juu juu kwa joto hata usishike kidole, tabaka hilo la kwanza likisha kulaza nyuzi, lipigwe la pili juu yake bila fulana kusogea. Kitambaa cha fremu nacho kichaguliwe kwa kazi: chenye nyuzi 43 kwa sentimita hupitisha wino wa kutosha kwa eneo pana la weusi, na chenye nyuzi 77 au zaidi hufaa mistari myembamba; mchoro wenye vyote viwili humlazimisha fundi achague, au atumie fremu mbili.

Kisha joto la mwisho. Wino wa plastiki utumikao katika fulana nyingi hauivi kwa kuanikwa juani. Unahitaji kiasi cha nyuzi 160 za Selsiasi, tena tabaka zima lifikie hapo, si ngozi ya juu tu, na wino usioiva hutoka katika beseni la kufulia vipande vipande. Wino wa maji, kwa upande wake, hukauka kwa maji kutoka, na hapo hali ya nchi huingia katika hesabu. Newala imekaa kwenye ukingo wa magharibi wa Uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma likiwa chini yake, na asubuhi za Juni na Julai ukungu huweza kuufunika mji mpaka jua lipande. Masasi iko chini, kwenye tambarare yenye majabali, na joto lake ni jingine. Wino ule ule unaokauka upesi Masasi hata ukaziba matundu ya fremu katikati ya kazi, waweza kukaa mbichi Newala hata ukachafua fulana iliyowekwa juu yake. Na maji je? Shida ya maji juu ya uwanda ule ni ya tangu zama, na fremu isiyooshwa vizuri baada ya kazi hubakiwa na wino uliokauka pembeni mwa matundu, usioonekana kwa jicho ila siku ya kazi nyingine, pale eneo jeusi linapotoka na mabaka. Fundi asiye na maji ya kutosha ni heri aweke fremu maalumu kwa rangi nyeusi peke yake, asiichanganye na kazi za rangi nyingine.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaomtupia fundi kila taksiri. Nusu ya makosa, na pengine zaidi, hufika dukani yakiwa yamekwisha kutendeka ndani ya simu. Kiooni, nyeusi ni taa zilizozimwa: nyekundu, kijani na buluu, zote sifuri. Mashine ya kupiga chapa haina taa; ina wino wa siani, majenta, njano na mweusi, na programu ndiyo inayokata shauri namna ya kuigeuza nyeusi ya taa kuwa nyeusi ya wino. Programu ya Photoshop, ikiachwa kwa mipango iliyozaliwa nayo Marekani, huigawa nyeusi hiyo takriban asilimia 75 ya siani, 68 ya majenta, 67 ya njano na 90 ya wino mweusi, jumla 300. Nyeusi ya namna hii, juu ya karatasi nzuri, ni ya fahari. Juu ya karatasi ya gazeti, isiyostahimili zaidi ya 240 au 260, hulowana, haikauki, na huchapa kivuli chake nyuma ya karatasi inayoilalia. Na ikiwa ni ya herufi ndogo ni balaa tupu, maana wino nne haziwezi kuangukia mahali pamoja kwa usahihi wa unywele, na kila herufi hutoka na ukingo wa waridi au wa samawati.

Hapa ndipo pazaliwapo kosa ambalo mtu yeyote anaweza kuliona akiichukua kadi ya harusi na kuitazama kwa karibu dirishani. Mwenye kuitengeneza ameweka uwanja mweusi wa programu yake, ulio wa wino mweusi peke yake, kisha akabandika juu yake picha ya maharusi au nembo iliyokuja kwa WhatsApp yenye uwanja wake mweusi. Kiooni hakuna mpaka. Juu ya karatasi chatokea kisanduku: eneo la nembo ni jeusi zaidi, la kuzunguka ni hafifu, na mstari wa mraba umejichora bila kualikwa. Tena nembo yenyewe, kwa kubanwa ili isafiri kwa simu, imepoteza weusi wake halisi. Kando ya mistari yake kuna vidoa vidogo ambavyo si sifuri tena, vimekuwa 12 au 15 katika hesabu ya taa, na mashine kwa uaminifu wake huvichapa kama kijivu chenye nukta nukta. Jicho halivioni vidoa hivyo katika simu, kwa hiyo jicho lisiaminiwe. Programu nyingi za michoro zina kifaa cha kusomea rangi, na fundi mwenye idili hukigusisha kila pembe nyeusi ya mchoro kabla hajawasha mashine. Mteja naye ampe fundi faili ya asili, kwa flashi au kwa barua pepe, wala asimpe picha ya picha.

Kanuni yenyewe ni fupi. Herufi na mistari myembamba viwe vya wino mweusi peke yake, 100 kamili, kwani 95 si nyeusi iliyopungua kidogo, ni nyeusi iliyotobolewa vitundu vyeupe. Eneo pana lipewe msaada wa chini: siani ya 40 hadi 60 chini ya mweusi 100 hutosha kulitia kina, na weusi wake huelekea ubaridi wa usiku; anayeutaka wa vuguvugu aongeze majenta kidogo. Muhimu ni kwamba weusi wote wa maeneo mapana katika kazi moja uwe na hesabu moja.

Kuhusu printa ndogo za mezani nitasema machache. Zile za wino wa majimaji, nyingi katika hizo, zina wino mweusi wa aina mbili ndani yake: mmoja wa chembe za masizi kwa karatasi ya kawaida, mwingine wa kuchanganya rangi kwa karatasi ya picha, na mashine huchagua kwa kufuata jina la karatasi lililoandikwa katika mipango. Mtu akiweka karatasi ya picha huku mipango ikisema karatasi ya kawaida, wino wa masizi hukaa juu bila kunywewa na hufutika kwa kidole. Wino wa kujaza wa bei nafuu si haramu, lakini kuubadili katikati ya kazi ni kununua ugomvi. Za tona zikianza kutoa eneo jeusi lenye mistari hafifu, kutikisa katriji husaidia kwa kurasa chache tu, na ikiwa ni dramu, ile silinda ibebayo taswira, ndiyo iliyochakaa, haitatikiswa ikapona.

Wanaopiga chapa kwa mashine kubwa wana shida zao. Si mbali na Masasi, katika njia iendayo pwani, iko Ndanda, ambako watawa Wabenediktini walihamia mwaka 1906 baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kuteketezwa katika vita vya Majimaji, na ambako kiwanda chao cha chapa, Ndanda Mission Press, kimetoa vitabu vingi vya Kiswahili. Katika uchapaji wa aina ya ofseti, ambao ndio wa vitabu vingi duniani, wino wa mafuta na maji hupita juu ya bati moja, mafuta yakishika palipo na maandishi na maji yakipalinda pasipo na kitu. Maji yakizidi huingia ndani ya wino na weusi hupauka, yakipungua ukurasa mzima huingia uchafu. Na ukurasa wenye uwanja mpana mweusi hula wino wa magurudumu yote, hata sehemu inayofuata nyuma yake ikatoka hafifu kwa umbo lile lile. Mpangaji mwerevu huliepuka jambo hilo kwa kupanga kurasa upya kabla ya kulitafutia dawa mashineni.

Lakini somo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote limetoka kwa wasanii. Mwaka 1972 mtawa wa Maryknoll, Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam, na miongoni mwa waliopata jina pale ni George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi na kufariki mwaka 2005, ambaye mashetani yake yenye masikio makubwa na vidole viwili vitatu yameonwa na watu wa mabara mengi. Alichonga, alipaka rangi, na alifanya chapa za bati pia. Katika chapa za namna hiyo mistari hukwaruzwa juu ya bati lililopakwa nta, tindikali ikala palipokwaruzwa, wino ukasuguliwa ndani ya mifereji na kufutwa juu, kisha karatasi iliyoloweshwa ikakandamizwa kwa mtambo mpaka inyonye wino kutoka mferejini. Mwanafunzi anayetaka eneo jeusi hukwangua nta yote mahali pale na kuiacha tindikali ile bati lote, akidhani shimo pana litabeba wino mwingi. Halibebi. Kitambaa cha kufutia huingia shimoni na kuufagia wino wote wa katikati, na chapa hutoka na ukingo mweusi na moyo wa kijivu. Fundi hutia mistari mingi iliyopandana, au hunyunyiza unga wa utomvu na kuuyeyusha ili tindikali ile bati nukta kwa nukta, bati likapata meno ya kuushika wino. Na weusi wa namna hiyo una kina ambacho printa ya mezani haikifikii.

Basi wewe utakayekwenda kuagiza fulana, kadi au bango msimu huu, usimwambie fundi "iwe nyeusi sana," maana neno hilo halina kipimo. Mwombe akupigie kwanza moja, juu ya kitambaa au karatasi ile ile utakayolipia, uingoje ikauke, uitazame mchana mlangoni wala si chini ya taa ya dukani, na ikiwa ni fulana uifue. Ikikuridhisha, mwandike nyuma yake jina la wino, hesabu za rangi, na fremu au mipango iliyotumika, mtie sahihi nyote wawili, kisha ikateni nusu: nusu moja ikae kwa fundi, nusu ya pili uihifadhi nyumbani, uje nayo mwakani.